Mstari wa Kumi na Saba

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki,
taa za mitumbwi hazifui dafu mbele ya anga,
ndiyo maana hapa Igombe uchaguzi wetu ni wa mbalamwezi:
mikono haina kazi, midomo inayo.

Mimi ndiye katibu. Daftari ni langu,
na kalamu ya bluu iliyofungwa uzi
ili isitembee.

Umoja wetu wa waanika dagaa una miaka sita,
umri wa mtoto anayeng'oka meno.
Katiba tuliinakili kwa wafuga nyuki wa Sengerema,
kurasa nane. Tukabadilisha jina la juu,
ibara ya tano tukaisahau:
mpaka leo inamwagiza mwenyekiti
akague mizinga kila robo mwaka.
Tunaisoma, tunacheka, tunaendelea.

Jioni ile Misoji hakucheka.
"Tusipige kura. Tutengeneze kwanza.
Sanduku ni ndoo ya rangi, kufuli lina funguo mbili,
zote mbili zimefungwa kwenye khanga ya mgombea.
Humo daftarini mna watu
wasioanika, wasiokula, wasiopumua.
Chungu kimetoboka, mnauliza mboga gani?"

Bujiku, mtunza hazina, akavua kofia.
"Mtumbwi ukiutengeneza nchi kavu miaka mitano
mchwa wataumaliza kabla ya maji.
Tupige kura hivi hivi, tukosee, tujifunze.
Nani kati yenu alijua kutembea kabla hajaanguka?"

"Na ukizoea kuchota maji yanayoingia, Bujiku,
utasahau kwamba ulitoka kwenda kuvua."

Wote wawili walipigiwa makofi,
na wanawake walewale.

Tukapiga.
Nilihesabu vichwa arobaini na sita
kwenye mchanga, pamoja na changu.
Ndoo ikatapika karatasi arobaini na tisa.
Nyanzobe ishirini na tano,
Misoji ishirini na nne.
Vigelegele. Korongo waliruka juu ya vichanja
wakatua palepale.

Misoji alinitazama mimi, si Nyanzobe.

Usiku nikawasha tochi ya simu, nikafungua daftari.
Wa kumi na saba: Wande Masalu.
Mama yangu. Masika ya mwaka jana
tulimlaza nyuma ya nyumba, udongo ukiwa bado chepechepe.
Wafu wengine niliwakata kwa rula, mstari mmoja, basi.
Kwake nikaruka.
Nilisema kesho. Nilisema wino umepungua.
Nani anaumia, nilisema,
jina likikaa tu kati ya majina?

Mbele ya jina palikuwa na sahihi.
Ya mwandiko mzuri, wenye mkia.
Mama hakujua kuandika. Alitumia dole gumba,
gumba pana lililokwanguliwa na mchanga wa kuanikia,
lililoacha doa kama jani.
Alikufa hajawahi kushika kalamu,
na leo ametia sahihi,
amechagua,
na mlango niliuacha wazi mimi, kwa mapenzi.

Sijui kama Misoji ana haki au Bujiku.
Pengine chombo hutengenezwa kikiwa majini,
pengine hicho ndicho kisingizio cha kila anayezama.
Nilichojua ni kwamba rula ilikuwa mkobani.

Nikakata kidogo kidogo, jina lisomeke bado.
Pembeni nikaandika tarehe.
Mkono wangu ulipinda kwenye "Masalu."

Kabla jua halijagusa mawe ya ufukweni
nilikuwa mlangoni kwa Nyanzobe.
Alikuwa anapuliza moto, khanga begani,
funguo zikilia fundoni.
"Saa hizi, katibu? Kuna msiba?"

"Nimekuja tuhesabu upya," nikasema.
"Zimezidi tatu. Naanza na ya kwetu."

Akaendelea kupuliza.
Moshi ukapita kati yetu, ukaenda ziwani.
Kisha akasogeza kigoda kwa mguu.
"Chai haijachemka," akasema.
"Soma."